Unataka kuja kuwa Jaji wa Rufani? Anza kuandika sasa hivi

Wadogo zangu wa sheria mnaoniuliza kila siku ujaji unapatikanaje, hasa ule wa Mahakama ya Rufani, leo naandika yote ili nikiulizwa tena nitume hii hii. Mimi ni wakili hapa Dar, nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za mji huu muda mrefu, kuanzia mahakama za mwanzo mpaka kule Kivukoni inakokaa Rufani ikiwa Dar, na kuna watu niliwakuta mahakimu wadogo kabisa leo naingia mbele yao nainama. Jibu la haraka ni kwamba Rufani haiombwi kama unavyoomba kazi ya benki, kinachokufikisha kule ni yale uliyoyaandika miaka yote kabla jina lako halijatajwa, yaani hukumu zako kama ni hakimu, hoja zako kama ni wakili, makala zako kama ni mwalimu wa chuo. Kwahiyo sehemu kubwa ya haya maelezo ni kusoma na kuandika, mengine nitayapita mbio.

Kwanza tuelewane ni mahakama gani, maana wengi mnachanganya na mnayoyaona kwenye habari za Marekani. Kule jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho anateuliwa na Rais, Seneti inamhoji na kumpigia kura, akishapita anaweza kukaa maisha yake yote, zipo mahakama 13 za ngazi hiyo zenye nafasi 179 za majaji, na Katiba yao haijaweka sharti la umri wala la digrii ya sheria. Kwetu mambo ni tofauti kabisa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ni moja tu, ya Muungano, Bara na Zanzibar, ilianzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na ile mahakama ya rufaa tuliyokuwa tunaitumia pamoja na wenzetu kuondoka nayo. Kuna vitu vichache vya Zanzibar havifiki kwao, mfano tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri yaliyoanzia mahakama za kadhi, ila vingine vyote mwisho wake ni pale. Juu yake hakuna tena, wakishaamua umebaki na kuomba marejeo, yaani waupitie upya uamuzi wao wenyewe, kwa mahakama hiyo hiyo, na mlango wa marejeo ni mwembamba mno. Kwahiyo mtu anayekaa pale akiandika kitu kibaya kinabaki sheria ya nchi na mahakama zote za chini zinalazimika kukifuata, hilo liweke kichwani kabla hujaanza kutamani joho.

Sifa zenyewe ziko kwenye Katiba, fungua mwenyewe ibara ya 109 na 118, usisome za kuhadithiwa. Kwa kifupi, uwe na digrii ya sheria, na uwe umefanya kazi kama hakimu, au kwenye utumishi wa umma ukiwa na sifa ya kusajiliwa uwakili, au kama wakili wa kujitegemea, kwa muda usiopungua miaka 10. Hizo ni sifa za Mahakama Kuu, na Jaji wa Rufani anachukuliwa miongoni mwa watu wenye sifa hizo hizo. Jaji wa Mahakama Kuu Rais anamteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, wa Rufani anamteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Kisheria unaweza kutoka uwakili moja kwa moja mpaka Rufani, ila njia ya kawaida ni kupitia Mahakama Kuu kwanza. Rais anaweza pia kulegeza hilo sharti la miaka 10 kwa mtu anayeonekana ana uwezo, sasa wewe usije ukapanga maisha yako juu ya huo msamaha.

Piga hesabu ya umri mapema. Ukimaliza kidato cha sita na 19 au 20, LLB, yaani digrii ya sheria, pale Mlimani ni miaka 4, halafu Law School, shule ya mafunzo ya vitendo kabla ya uwakili, halafu kuapishwa uwakili, una 25 au 26 hivi. Ongeza miaka 10, kwenye makaratasi unaweza kuteuliwa ukiwa na 36, lakini wengi ninaowaona wanaapishwa wameshavuka 40 kwa mbali. Upande wa pili Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu na 60, wa Rufani na 65. Maana yake dirisha lako la kupanda sio kubwa kama unavyodhani, na mtu anayezurura miaka yake ya thelathini akibadilisha kazi zisizohusiana na sheria anajipunguzia mwenyewe.

Shule nitaenda haraka. HGL, HKL na kombi nyingine za sanaa zinakufikisha. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam ndo kikongwe, kilianza 1961, ila leo vyuo viko vingi na Tume haikuajiri kwa sababu ya jina la chuo. Mnapoanguka wengi ni Law School. Mnakumbuka matokeo ya 2022, watu 633 waliofaulu moja kwa moja 26 tu, nchi nzima ikawa inaongelea hilo mpaka ikaundwa kamati chini ya Dokta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu walilaumu mitihani, walimu, mfumo, na yapo ya kusemwa huko, lakini mimi nimewasimamia vijana wengi wa fildi na naona tatizo kubwa ni kwamba mtu amemaliza miaka minne ya chuo anasoma noti za mwenzake, hajawahi kusoma hukumu nzima kuanzia koramu, yaani majina ya majaji waliokaa, hadi saini. Ukifika Law School wanakupa mafaili uandae hati ya madai, kiapo, sababu za rufaa, na hapo noti za kuazima hazikusaidii kitu, unakula sapu au unadisko. Anayesoma hukumu mbili tatu kila wiki toka mwaka wa kwanza huwa anapita kirahisi zaidi, nimeliona hilo mara nyingi.

Ukishatoka hapo kuna barabara kadhaa, na msidanganyane kwamba ni moja. Waangalieni majaji wakuu wetu tu. Hayati Augustino Ramadhani alikuwa afisa wa jeshi, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar miaka ya 80, akaingia Rufani 1989, akaja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania 2007 hadi 2010. Mohamed Chande Othman alipita uendesha mashtaka wa kimataifa, mahakama ya Rwanda pale Arusha halafu Timor Mashariki, ndo akaja kwenye ujaji. Profesa Ibrahim Juma, Jaji Mkuu kuanzia 2017 hadi 2025, alikuwa mwalimu wa sheria Mlimani na mwenyekiti wa Tume ya Kurekebisha Sheria. George Masaju aliyepokea kijiti 2025 alishakuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuna hata wawili waliopita njia moja, ila wote unaweza kutafuta maandishi yao ukayakuta.

Kama huna mtaji wa ofisi wala ndugu wakili, uhakimu kwangu mimi ndo njia bora na naisema kwa moyo wote, vizia matangazo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Uhakimu unakulazimisha kuandika kila siku. Utapangiwa mahakama ya mwanzo pengine wilayani ndani kabisa ambako Dar utaisikia redioni, nenda. Kule utasikiliza mirathi, ndoa, ng'ombe kuingia shambani kwa mtu, matusi, na kila shauri litataka hukumu yenye sababu. Ukibahatika kupangiwa Dar, mahakama za mwanzo kama Kariakoo au pale Temeke kwenye Kituo Jumuishi cha mirathi na familia, foleni ya watu haiishi, na unajifunza kuandika haraka bila kuandika hovyo, ambayo ni kazi ngumu sana.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penyewe. Hakimu anaposikiliza kesi ya jinai anaandika ushahidi wa shahidi, shahidi akimaliza hakimu anatakiwa asaini pale chini, kabla hajaitwa mwingine. Ni saini tu, sekunde mbili. Sasa fungua hukumu za Rufani uone ni mienendo mingapi, yaani kumbukumbu za kesi ilivyosikilizwa, imefutwa kwa sababu hiyo saini haikuwepo. Majaji watatu wanafungua rekodi, shahidi wa kwanza hamna saini, wa pili hamna, wanasema hatuwezi kujua kama haya maneno ni ya kweli ya shahidi, wanafuta kila kitu, wakati mwingine wanaagiza kesi ianze upya. Aliyefungwa ameshakaa ndani miaka, aliyeumizwa anaitwa tena kusimulia jambo alilokuwa anajaribu kulisahau, mashahidi wengine wamehama wengine wamefariki. Yote kwa sababu ya saini. Kwahiyo ukiwa hakimu mdogo ujue rekodi yako itasomwa siku moja na watu wasiokujua, hawataona uso wako wala kusikia kwamba siku ile umeme ulikatika, wataona karatasi. Mahakimu wanaoandika rekodi safi wanajulikana huko juu kabla hawajaonana na mtu yeyote, kwa sababu mafaili yao yanapanda kwa rufaa na yakifika juu yanasimama.

Kingine cha kufanya ukiwa Dar, na ni bure, nenda ukasikilize. Makao makuu ya Mahakama yamehamia Dodoma lakini Rufani ni mahakama ya kutembea, inafanya vikao kanda mbalimbali, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tabora, Zanzibar na kwingine, na Dar vikao vipo. Ulizia orodha ya mashauri ya kikao, panda mwendokasi mpaka mwisho Kivukoni, fika mapema, valia kiheshima, simu zima kabisa usiweke mtetemo. Ukisikia "Koooti!" simama, majaji wanaingia, wanainama na wewe unainama, unakaa wakishakaa. Usitegemee mashahidi wanaolia kama kwenye tamthilia. Rufani haina mashahidi, kuna majaji watatu, mawakili, na rekodi nene mezani, na nusu ya maswali ya majaji utakayoyasikia ni hiyo iko ukurasa gani. Kwenye jinai utaona mrufani analetwa na askari magereza kutoka Ukonga, hana wakili, sababu zake za rufaa kaziandika gerezani, akiulizwa kama ana la kuongeza mara nyingi anasema anaomba wakili wa Serikali aanze, yeye atajibu baadae. Halafu angalia vile majaji wanavyofanya, wanamuuliza wakili wa Serikali maswali ambayo yule mfungwa angeuliza kama angekuwa amesomea sheria. Mimi hiyo huwa inanigusa kila ninapoiona, na nadhani mtu asiyeguswa na hiyo atafute kazi nyingine.

Haya tuje kusoma. Hukumu nyingi ziko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, unachohitaji ni bando tu. Anza na Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya 1980, iko kwenye ripoti za sheria za mwaka huo ukurasa wa 250. Inahusu mtu kutambuliwa kwa macho. Mahakama ilisema ushahidi wa aina hiyo ni dhaifu na hauaminiki kirahisi, mtu asitiwe hatiani kwa huo mpaka uwezekano wa kumfananisha uwe umeondolewa wote, halafu ikaeleza mambo ya kuangalia, shahidi alimuona kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, kama usiku mwanga ulikuwaje, na je alikuwa anamfahamu kabla. Tangu hapo mpaka leo ukisoma kesi ya wizi wa kutumia silaha utakuta majaji wanauliza kuhusu taa, ilikuwa chemli au kibatari au tochi, iliwekwa wapi, mwanga ulimpiga nani usoni. Ukishasoma ya 1980 tafuta kumi zilizoifuata, uone kila jopo limeitumiaje, wapi walikubali utambuzi wapi walikataa, na kwanini. Ukifanya hivyo kwa mada moja tu umejifunza zaidi ya muhula mzima wa kukariri.

Ukiisoma hukumu usianzie mwisho kuangalia nani kashinda. Anzia sababu za rufaa, funika zilizobaki, jiulize wewe ungeamua nini, ndo uendelee. Andika pembeni kwa maneno yako swali lililokuwa mbele ya mahakama, kwa sentensi moja, ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja hujaielewa, rudi mwanzo. Na angalia amri ya mwisho. Wanafunzi wengi wakiandika hukumu za mazoezi wanaishia "rufaa imekubaliwa" wanadhani wamemaliza, sasa mtu aachiwe, kesi isikilizwe upya, gharama nani alipe, nyumba arudishiwe nani? Hukumu isiyosema nini kifuate inazaa kesi nyingine.

Lugha nayo msiipuuze. Hukumu nyingi za Rufani mpaka leo ziko kwa Kiingereza kwahiyo Kiingereza cha kisheria lazima ukimudu, hakuna njia ya mkato. Lakini 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huo huo tarehe 1 Februari, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kutoka Mahakama Kuu Musoma kwenda Rufani akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili kwenye shauri la mgodi wa North Mara. Watu walibishana sana kuhusu namna ile ya kupandisha, mimi ninachokichukua pale ni kwamba kilichotajwa mbele ya nchi nzima kilikuwa ni maandishi. Jizoeze kuandika kwa lugha zote mbili, na Kiswahili chako kiwe cha mtu anayeongea na mwananchi, mrufani, mjibu rufani, mwenendo wa shauri, pingamizi la awali, haya maneno yawe mdomoni mwako. Anayeshindwa kesi ndo msomaji wako wa kwanza, yeye ndo anatakiwa amalize kusoma akijua kwanini ameshindwa hata kama hajakubali.

Ufundi wa kisheria nao una mipaka yake. Ibara ya 107A inataka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na 2018 yakaja marekebisho ya sheria yanayosisitiza kuangalia haki ya msingi. Vijana wa uwakili wakisikia hivyo wanadhani taratibu zimekufa, hapana, notisi ya rufaa kwenda Rufani ni ndani ya siku 30 na ukichelewa utakwenda kuomba muda na kueleza kila siku uliyochelewa ilikwenda wapi. Jaji mzuri ni yule anayejua kanuni gani inalinda haki na ipi imegeuzwa kichaka cha kujificha, na hilo linatokana na kusoma nyingi, hakuna kozi yake.

Kuhusu jina lako. Ibara ya 113A inamkataza jaji, msajili na hakimu kujiunga na chama cha siasa, amebakishiwa haki ya kupiga kura tu. Ukiwa hakimu hilo sio ushauri ni sharti. Ukiwa bado wakili unaruhusiwa, ila kila unachoandika mtandaoni leo kitasomwa na watu watakaoulizwa kuhusu wewe baada ya miaka 15, matusi uliyomtukana mtu kwenye mjadala wa Simba na Yanga nayo yamo. Madeni ya kuzunguka, pesa za wateja kukaa kwenye akaunti yako muda mrefu, kumpigia karani wa mahakama usiku kuulizia faili, acha yote. Kuna wakili hodari namfahamu, anajenga hoja vizuri kuliko wengi waliopo benchi leo, jina lake halijawahi kufika popote kwa sababu ya mambo ya pesa za wateja, inaniuma mpaka leo.

Na mabinti msikae pembeni mkidhani benchi ni la wanaume, Rufani ya leo ina majaji wanawake wa kutosha na wanaandika hukumu nzito, zisomeni. Kipo pia Chama cha Majaji na Mahakimu Wanawake, TAWJA, kwenye Wiki ya Sheria mwishoni mwa Januari tafuteni banda lao, ulizeni maswali ya kweli, sio kupiga picha tu.

Zoezi la kuanza nalo ni hili, nimelifanya na vijana wa ofisini kwetu na linafanya kazi. Tafuta wenzako wawili muwe jopo la watatu kama Rufani yenyewe. Chukueni shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi, rufaa ya madai namba 204 ya 2017. Kwanza someni uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016 uliosema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, vinapingana na Katiba. Halafu someni sababu za rufaa za Serikali tu, hukumu ya Rufani ya Oktoba 2019 msiiguse. Kila mtu aandike hukumu yake peke yake, bila kuulizana, kurasa nne au tano zinatosha. Mkutane, msome kwa sauti, mbishane kweli kweli, wawili wakikubaliana ndo wengi, wa tatu aandike kwanini anapingana nao. Hapo sasa fungueni ya mahakama mlinganishe, wao walianzia wapi nyie mlianzia wapi, hoja gani ya Serikali mliiruka wao wakaijibu, amri yenu ingetekelezeka au ingeelea hewani. Mkimaliza hiyo chukueni rufaa ya jinai ya pili, iwe ya utambuzi usiku ili Waziri Amani iwatumikie, na safari hiyo mbadilishane, aliyepingana na wenzake mara ya kwanza ndo aandike hukumu ya jopo.